Sindano Moja, Mifuko Minne

Katika madhila yanayompata mgonjwa, ni machache yanayomvunja moyo upesi kuliko kuchafukwa na roho. Mwenye homa huweza kulala, na mwenye maumivu ya mguu huweza kuzungumza na wageni wake. Lakini yule ambaye kila akitiacho kinywani hurudi, yakiwa maji, ukiwa uji, ikiwa hata ile dawa aliyopewa imponye, huyo hana raha ya kukaa wala ya kulala, na ikipita siku moja au mbili midomo yake hukauka, macho humwingia ndani, na ulimi wake ukawa mzito hata kuomba msaada kukawa taklifu. Kwa ajili ya mtu wa hali hiyo, kidonge hakina kazi, maana tumbo limekwisha kukataa kila mgeni. Na ndipo sindano inapokuwa rehema, kwa kuwa yenyewe hupita katika mshipa au katika msuli, ikafika inakokwenda bila ya kuomba ruhusa ya tumbo.

Sura hii yahusu sindano hiyo, na hasa swali ambalo jamaa wa mgonjwa huliuliza mbele ya dirisha la dawa: nilipe nini, na kwa sababu gani jirani yangu aliyedungwa dawa ile ile, siku ile ile, alilipa kingine? Muradi wangu ni kuonyesha kwamba bei anayoilipa mgonjwa si bei ya dawa, bali ni bei ya ahadi aliyowekewa na dola, au na mwajiri, au na mfuko wa bima. Na kwamba ahadi zote hizo, ziitwe bure au ziitwe bima, hupimwa mahali pamoja tu, nako ni rafuni, siku ambayo dawa inahitajika.

Tuanze na dawa zenyewe, maana asiyejua anachonunua hawezi kujua kama amedhulumiwa. Dawa kongwe ya kuzuia kutapika ijulikanayo sana katika pwani yetu ni metoclopramide, ambayo wengi huiita Plasil kwa jina la biashara lililozoeleka. Ni dawa rahisi, iliyoenea, na yenye manufaa. Lakini ina aibu yake moja: kwa baadhi ya watu, na hasa kwa vijana na watoto, huweza kuikaza misuli ya shingo na taya na kuyapindua macho juu, hata mtu asiyejua akadhani mgonjwa amepandwa na pepo, ilhali ni athari ya dawa inayotibika kwa dawa nyingine. Dawa ya pili ni promethazine, ambayo nayo ni ya zamani, na humletea mgonjwa usingizi mwingi. Ya tatu ni ondansetron, iliyobuniwa na kampuni ya Glaxo ya Uingereza na kuruhusiwa Marekani mwaka 1991.

Ondansetron ilizaliwa kwa haja kubwa. Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha cisplatin, dawa ya saratani yenye nguvu nyingi, nayo ikawa inawatapisha wagonjwa kwa namna ambayo baadhi yao waliona bora waiache tiba kuliko kuikabili siku nyingine kama ile. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba dawa za saratani huziamsha chembe fulani za utumbo zitoe kemikali iitwayo serotonini, nayo huugonga mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ukaamuru kutapika. Ondansetron huuziba mlango ule ambao serotonini ingeliugonga. Kichupa chake ni kidogo, cha kioo, chenye mililita mbili au nne za maji meupe safi, ndani yake miligramu nne au nane za dawa. Muuguzi hukivunja shingo, huivuta dawa kwa bomba la sindano, kisha huisukuma mshipani polepole, maana haifai kumiminwa kwa haraka. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo taifa lolote, tajiri au fakiri, lapasa kuwa nazo. Hati ya kumiliki ubunifu wake ilipokwisha Marekani mwishoni mwa mwaka 2006, viwanda vingi, vya India vikiwamo, viliingia sokoni kwa uhuru, na bei ikaporomoka hata leo mnunuzi wa jumla katika soko la dunia hupata kichupa kimoja kwa chini ya dola moja.

Sasa, ikiwa kichupa kimekuwa sahali kiasi hicho, mtu angelitarajia kwamba hakuna tena la kujadiliwa. Lakini tazama yanayotokea katika nchi iliyo tajiri kuliko zote. Marekani, mzee aliyetimiza miaka 65 hutibiwa chini ya bima ya serikali iitwayo Medicare, ambayo sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Naye akidungwa sindano katika kliniki, kwanza hujilipia mwenyewe kiwango cha mwaka kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257, kisha hulipa asilimia 20 ya gharama, isipokuwa awe amenunua bima ya nyongeza ya kuliziba pengo hilo. Fakiri aliye chini ya Medicaid hulipa kitu kidogo mno au halipi kabisa. Mwenye bima ya kampuni hulipa kwa kadiri ya mkataba wa mwajiri wake, na kwa zile dawa mpya za ghali mtengenezaji mwenyewe huweza kumpa kadi ya kumpunguzia. Lakini kadi hiyo ni haramu kwa mwenye bima ya serikali, kwa kuhofiwa isije ikawa rushwa ya kuwavuta watu kwenye dawa ghali ilhali hazina ya umma ndiyo ilipayo. Asiye na bima hukabidhiwa hesabu nzima. Dawa ni moja, muuguzi ni mmoja, na malipo ni namna nne. Basi asidhani mtu wa Unguja kwamba mkanganyiko huu ni wa nchi maskini peke yake. Ni tabia ya kila nchi ambayo imewagawa wagonjwa wake kwa mafungu kabla hawajaugua.

Kwetu Zanzibar habari yake ni tofauti, na mwanzo wake ni Mapinduzi ya Januari 1964. Serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba matibabu yatakuwa bure kwa kila mwananchi, na haikuwa kauli nyepesi, maana kabla ya hapo mtu alitibiwa kwa kadiri ya kabila lake, mtaa wake na uwezo wake. Mtaa wa Michenzani, mjini Unguja, ni shahidi wa fikra za zama hizo. Yale majumba marefu ambayo watu huyaita treni, yaliyosimama kwa pande zote za mzunguko wa barabara, yalichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki na kujengwa katika miaka ya 1970, na humo wakapewa makazi wananchi, wengi wao wakiwa ni watu ambao vibanda vyao vya Ng'ambo vilibomolewa kuupisha ujenzi. Nyumba hizo za Maendeleo na matibabu ya bure vilitoka katika mkono mmoja na kwa hoja moja: kwamba mambo ambayo mwanadamu hawezi kuishi bila ya kuwa nayo hayafai kuachiwa soko.

Hoja hiyo mimi naiheshimu, na wala siandiki ili kuidhoofisha. Lakini ahadi ya bure ina mtihani wake, nao ni kwamba neno bure huondoa bei kwa mgonjwa bila ya kuiondoa kwa serikali. Kichupa kile lazima kinunuliwe, kisafirishwe, kihifadhiwe Bohari Kuu ya Dawa, kisha kigawiwe Unguja na Pemba. Mwaka ambao fedha za kununulia zimepungua, au shehena imechelewa, ahadi hubaki ukutani na rafu hubaki tupu. Ndipo tangu miaka ya 1990 hospitali za binafsi na maduka ya dawa yalipozidi kuenea mjini, na mwananchi akajikuta na nchi mbili za matibabu katika mji mmoja: moja isiyo na bei lakini mara nyingine haina dawa, na nyingine yenye dawa na bei yake.

Ili tuyaone mambo haya kwa macho, tuwaweke mbele yetu wagonjwa wanne wa mfano, watatu wao wanaishi katika jumba moja la Michenzani, na wanne wote wamepatwa na kutapika katika wiki moja.

Wa kwanza ni mwalimu wa skuli ya serikali. Yeye ni mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023 na ukaanza na watumishi wa umma, kwa makato ya kila mwezi ambayo mtumishi huchangia sehemu yake na serikali, ikiwa ndiyo mwajiri, huchangia nyingine. Akifika katika hospitali iliyofunga mkataba na Mfuko, huonyesha kitambulisho, hudungwa, naye huondoka bila ya kutia mkono mfukoni. Lakini hakutibiwa bure. Alilipa kila mwezi aliokuwa mzima, na hiyo ndiyo maana ya bima. Jahazi hukalafatiwa likiwa limepwelewa ufukoni, si likiwa katikati ya mkondo wa Pemba.

Wa pili ni askari wa uhamiaji, ambaye ni mtumishi wa Muungano, na kwa hiyo bima yake ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Bara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ambao mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Naye pia halipi dirishani, kwa sharti mbili: hospitali iwe na mkataba na Mfuko, na dawa iwe katika orodha ya dawa ambazo Mfuko huzilipia kwa daraja ya hospitali ile. Sharti hii ya pili wengi hawaijui mpaka iwafike. Katika mwongozo wa taifa wa tiba na dawa muhimu, dawa zimepangwa kwa daraja, tangu zahanati hadi hospitali ya bingwa. Dawa ikiandikwa katika daraja isiyoruhusiwa, mtoa huduma hatalipwa, na asipolipwa yeye atamtaka mgonjwa alipe. Ndivyo inavyowezekana wanachama wawili wa mfuko mmoja, mmoja adungwe ondansetron bila ya senti, na mwenziwe katika kituo cha chini apewe Plasil au aambiwe akanunue.

Wa tatu ni bibi muuza vitumbua, ambaye hana mwajiri wala mshahara wa kukatwa. Yeye anaitegemea ile ahadi ya zamani, na kwa haki kabisa: huenda katika hospitali ya serikali, na ile ya Mnazi Mmoja si mbali na mlango wake. Siku dawa ipo, hupata sindano ile ile aliyoipata mwalimu, na hakuna awezaye kumuuliza kadi. Siku haipo, mazungumzo yake na mtoaji dawa, katika dirisha lolote la hospitali yoyote, ni mafupi.

“Mwanangu, na hii ya kutapika ipo?”

“Hii imekwisha, bibi. Kanunue nje, kisha urudi nayo tukudunge.”

Na wa nne ni mgeni kutoka Ulaya, aliyepanga chumba mtaa wa Kiponda na kuchafukwa na roho baada ya safari ya baharini. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Serikali ya Mapinduzi imemlazimu kila mgeni anayeingia Zanzibar kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 kwa mtu mzima, hata kama anayo bima ya kwao. Alikwisha kulipa kabla hajapanda ndege, basi anatibiwa kwa mujibu wa mkataba ule, na gharama hudaiwa Shirika. Ni jambo la kutafakari kwamba mgeni wa siku saba anaingia kisiwani na dhamana iliyokamilika juu ya karatasi, ilhali bibi aliyezaliwa hapa na aliyewapikia majirani zake kwa miaka mingi anaitegemea bahati ya rafu.

Turudi kwa bibi huyo, maana kwake ndiko hesabu inakouma. Aambiwapo akanunue nje, mara nyingi hanunui kichupa peke yake. Kichupa kina maswahaba: bomba la sindano, kanula ya kuwekwa mshipani, chupa ya maji ya dripu kwa kuwa aliyetapika siku mbili amekauka, na mpira wa kuyapitisha maji hayo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu wala si kwa bei ya duka fulani, kwamba kichupa ni shilingi 4,000, bomba 500, kanula 1,500, maji 3,000, na mpira 1,500. Jumla ni shilingi 10,500, na ndani yake dawa yenyewe haikufika hata nusu. Sasa kumbuka kwamba pencheni jamii ya wazee waliotimiza miaka 70, ambayo Zanzibar ilianza kuitoa mwezi Aprili 2016 na ambayo ni jambo la sifa kwa kisiwa hiki, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya kuongezwa baadaye. Kwa kipimo hicho cha awali, sindano moja na maswahaba wake ingelikula zaidi ya nusu ya mwezi wa mzee. Na ikiwa daktari ameandika dozi tatu, ndugu hukaa barazani wakachangishana, au mzee akachagua dozi moja na kumwachia Mungu zilizosalia.

Taabu hii huzidi maradufu kwa wenye saratani, ambao kwao kutapika si ajali ya wiki moja bali ni sehemu ya tiba. Wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba wanaohitaji mionzi huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Humo tiba yenyewe yaweza kugharamiwa na dola; lakini nauli ya boti, chakula cha anayemuuguza, na chumba cha kulala kati ya duru moja na nyingine, hayo hayamo katika orodha ya mfuko wowote. Mgonjwa aliyedungwa dawa ya saratani asubuhi, akapanda boti kurudi bandari ya Malindi, Unguja, wakati bahari imechafuka, huufahamu uzito wa sindano ya kuzuia kutapika kuliko mwandishi yeyote wa sheria; na akiikosa mara moja au mbili, huweza kuiogopa safari inayofuata na kukata tiba ambayo ingelimwokoa. Hapo dawa ya chini ya dola moja imeiharibu tiba ya fedha nyingi, na hasara imekuwa ya mgonjwa na ya hazina kwa pamoja.

Wapo wasemao kwamba dawa ya yote haya ni kila mtu awe na kadi ya bima, na mwelekeo wa Afrika Mashariki yote ndio huo. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwezi Novemba 2023. Kenya iliuvunja mfuko wake wa zamani na kuanza Mamlaka ya Afya ya Jamii tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo mwenye mshahara huichangia asilimia 2.75 ya kipato chake. Naunga mkono mwendo huu, kwa sababu kuchangiana ni desturi yetu katika harusi na katika msiba, na si vibaya desturi hiyo ikawekewa daftari na sheria. Lakini kadi peke yake haidungi sindano. Mwezi Machi 2024, mfuko wa Bara ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadha kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa hoja kwamba bei zile haziwatoshi. Wanachama waliokuwa wamekatwa mishahara yao bila ya kukosa mwezi wakajikuta na kadi halali mbele ya mlango uliofungwa. Bure bila ya dawa, na bima bila ya mapatano, ni ndugu wa tumbo moja: kila mmoja humwacha mgonjwa na haki asiyoweza kuitumia.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa kumaanisha, kwamba uadilifu katika jambo hili usianze kwenye kadi bali uanze kwenye rafu. Iwe faradhi kwamba dawa chache za lazima, na ondansetron na Plasil ni miongoni mwake, hazikauki katika hospitali ya umma, na zihesabiwe pamoja na maswahaba wao, maana kichupa kisicho na bomba wala kanula si tiba. Zikikauka, mfuko uliolipwa kwa ajili ya dharura ulipe katika duka la karibu kwa cheti cha daktari, kwa mwanachama na kwa muhtaji aliyethibitishwa na sheha wake sawasawa, wala asiambiwe mgonjwa kanunue nje kana kwamba nje hakuna bei. Orodha ya dawa zinazolipiwa katika kila daraja ya hospitali ibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili, ili mwanachama aijue haki yake kabla ya kuugua. Na muuza vitumbua, mvuvi na mpiga debe wawekewe njia ya kuchangia kwa msimu, wakati biashara ina baraka, si kwa mwezi kama watu wa mishahara, kwa kuwa bahari na soko havilipi mwisho wa mwezi.

Hakuna katika hayo lililo muhali kwa kisiwa ambacho kiliweza, katika siku za umaskini mkubwa kuliko wa leo, kuwajengea watu wake majumba ya ghorofa na kuwafungulia hospitali bila ya kuwauliza kabila wala mfuko. Kizazi kile kiliitoa ahadi. Deni la kizazi chetu ni kuiwekea fedha, hesabu na akiba, hata mwalimu, askari, bibi muuza vitumbua na mgeni wa Kiponda wapate sindano moja kwa wakati mmoja, na tofauti ya mifuko yao ibaki kuwa kazi ya makarani, isiwe mzigo wa mgonjwa.